Bei ya Saa ya Mjomba

Mwezi wa sita mwaka huu mkazamjomba wangu aliniita kwake Mikindani, mkoani Mtwara, akaniketisha barazani, akafungua fundo la leso, na ndani ya leso ilikuwamo saa ya marehemu mjomba. Sikuwa nimeiona tangu tulipomzika. Alinieleza kwa ufupi kwamba mabati ya upande wa baharini yameliwa na chumvi, kwamba masika yaliyopita alikesha akihamisha mikeka kutoka pembe hadi pembe, na kwamba watoto wote wameridhia saa iuzwe. "Wewe ndiye uliyeshika hesabu za watu miaka yote, mwanangu," alisema. "Nitafutie bei ambayo mimi sitadhulumika, na huyo atakayeinunua asije akaninung'unikia."

Kama angetaka bei kubwa tu, kazi yangu ingekuwa nyepesi, kwa kuwa bei kubwa hutajwa na mtu yeyote mwenye mdomo. Bei isiyomdhulumu muuzaji wala mnunuzi ni hesabu ya aina nyingine, na mimi niliyeanza kazi kama karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho, kisha nikawa mhasibu wake hadi nilipostaafu, hesabu hiyo ilinichukua wiki tano.

Saa yenyewe ni Omega Seamaster Professional, ile ya wapiga mbizi yenye uso wa buluu wenye mistari ya mawimbi na neno Seamaster lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Mjomba aliinunua Rotterdam mwaka 1997, alipokuwa baharia wa chumba cha injini. Hakuwa mtu wa kuweka vitu kabatini: aliivaa melini, aliivaa msibani, na alipoacha bahari aliivaa shambani Naliendele akipalilia mikorosho. Kwa hiyo mikwaruzo yake ni ya haki.

Kabla sijaigusa, bei mbili zilikuwa zimeshatajwa. Ya kwanza ilitoka kwa kijana mmoja anayeuza simu mjini, ambaye alisikia habari kwa njia zake akampigia mkazamjomba na kumwahidi shilingi 700,000 taslimu, siku hiyo hiyo, bila maswali. Ya pili ilitoka kwa binamu yangu aliyeko Dar es Salaam, aliyesema tusikubali chini ya milioni 20, kwa ushahidi kwamba kuna saa iliyouzwa mnadani New York kwa dola milioni 17.

Bei ya kwanza sisi wa Kusini tuna jina lake. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla ya msimu, ambapo mtu humfuata mkulima mwenye shida ya ada au ya mgonjwa, akampimia kwa kopo na kumpa fedha kidogo za leo badala ya fedha za haki za Novemba. Mwenye kangomba haibi kwa nguvu, maana mkulima hukubali kwa kinywa chake. Anachokinunua hasa ni haraka ya mkulima, na korosho huja kama nyongeza. Vivyo hivyo yule kijana: ile 700,000 ilikuwa bei ya mabati yanayovuja, na saa haikuwamo katika hesabu yake.

Bei ya binamu ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ukweli wa saa nyingine. Ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2017 saa ya Rolex Daytona iliuzwa New York kwa dola milioni 17.75. Ila hiyo ilikuwa saa ya mwigizaji Paul Newman mwenyewe, na walioshindana kuinunua walikuwa wananunua mkono ulioivaa. Mkono wa mjomba wangu kwetu una thamani kubwa kuliko wa mwigizaji yeyote. Sokoni hauongezi hata shilingi moja. Tena binamu alichanganya mambo ambayo watu wengi huyachanganya, yaani kudhani kwamba kila saa ya kifahari hupanda bei ikikaa. Saa nyingi za Uswisi hushuka thamani siku zinapotoka dukani, kama gari, na zile zinazouzwa juu ya bei ya duka ni aina chache za kampuni chache. Hata hizo zilipanda mno hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikaporomoka, na mpaka leo kuna watu wanaonukuu bei za kilele kile kama mkulima anayenukuu bei ya msimu uliopita.

Basi nikaanza mahali ambapo karani wa mizani huanza: kujua mzigo ni nini kabla ya kuuliza unauzwaje.

Jambo hili linataka uangalifu, kwa sababu saa hiyo ya buluu ina ndugu zake wanaofanana nayo kiasi kwamba picha ya simu haiwatenganishi. Ipo kubwa ya milimita 41 inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo kiwandani hutambulika kwa namba 2531.80. Ipo ya ukubwa huo huo inayotumia betri, namba 2541.80. Na zipo ndogo za milimita 36, nazo ni za aina mbili vilevile. Bei zao hazilingani, na kubwa isiyotumia betri ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sehemu kwa sababu kuanzia 1997 mwigizaji Pierce Brosnan aliivaa akiwa James Bond. Nilipima kwa rula, nikapata 41. Kisha nikautazama mshale wa sekunde. Wa betri huruka mara moja kila sekunde kama mtu anayepanda ngazi. Huu ulikuwa ukiteleza, kwa kuwa mashine ya aina hii hupiga mara nane kwa sekunde na jicho haliwezi kuzihesabu.

Nilijaza maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo katika bakuli, lakini saa sikuitumbukiza, kwa kuwa maandishi ya "mita 300" usoni mwake ni ahadi ya siku ilipotoka kiwandani na mipira ya kuzuia maji huzeeka. Niliuchovya mswaki wa zamani peke yake, nikaukung'uta, nikasugua kati ya pingili za cheni. Ulitoka uchafu wa kijani kibichi, mnato kama gundi, mchanganyiko wa jasho, chumvi na nadhani utomvu wa mabibo. Chini ya uchafu huo, upande wa nyuma wa sikio mojawapo linaloshika cheni, zikajitokeza tarakimu ndogo ambazo sikuweza kuzisoma hadi nilipoazima lenzi ya fundi, ile inayobanwa jichoni. Hiyo ndiyo namba ya saa yenyewe, isiyofanana na ya saa nyingine yoyote. Niliinakili mara mbili, asubuhi na jioni, nikalinganisha nakala zangu. Mazoea ya ghalani hayaniachi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi saa wa sokoni Mtwara, mzee ambaye nimemfahamu tangu saa zikiwa za kutiwa ufunguo kila asubuhi. Nilimwomba mambo mawili tu: afungue mfuniko wa nyuma, kisha aufunge bila kugusa kitu. Wanunuzi wa korosho hupasua sampuli waone ndani kabla ya kuandika bei, na kwa saa ya aina hii hakuna namna nyingine, kwa sababu za kughushi ni nyingi na nyingine zimetengenezwa kwa ustadi wa kutia hofu. Ndani tulikuta mashine imeandikwa jina la Omega na namba 1120, kama inavyotakiwa. Hapakuwa na kutu tuliyoweza kuiona, ila mafuta yalikuwa yamekauka yakaacha alama za kahawia.

Hapo fundi, kwa wema wake, akapendekeza aipige polishi kwa shilingi 15,000 "ing'ae, mteja aipende." Nilimshukuru nikakataa, na nisingependa msomaji apite haraka mahali hapa. Masikio ya saa hii yamesokotwa kidogo, yana kingo kali mahali sehemu inayong'aa inapokutana na isiyong'aa, na kingo hizo ndizo mnunuzi mwenye ujuzi anazozitafuta kwanza. Polishi haiondoi mkwaruzo. Huondoa chuma kilichouzunguka mkwaruzo. Ikipigwa mara tatu, nne, masikio huwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika, na chuma hakirudi. Ningemlipa fundi 15,000 ili ashushe bei kwa laki kadhaa.

Nyumbani niliipima mwendo. Kila usiku saa mbili, taarifa ya habari ikianza, niliilinganisha na saa ya simu, kwa siku tano. Ilikuwa inakwenda mbele, na baada ya siku tano ilikuwa imezidi kwa dakika moja na sekunde 35, yaani sekunde 19 kwa siku. Saa iliyopewa cheti cha kronomita nchini Uswisi, kama hii, hutakiwa ilipopimwa isichelewe zaidi ya sekunde 4 wala kuzidi zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Kisha niliivaa siku nzima ishibe, nikaivua, nikaiacha mezani. Mashine hii ikiwa na afya hukaa saa 44 bila kuvaliwa. Yetu ilisimama baada ya saa 31. Vipimo hivyo viwili, pamoja na yale mafuta yaliyokauka, vilisema jambo moja: saa ni nzima, lakini inadai sevisi. Hapa Mtwara hakuna wa kuifanya kwa uhakika. Fundi mmoja wa Dar es Salaam anayeaminika alinitajia shilingi 650,000.

Vitu vinavyoandamana na saa vilinipa furaha moja na huzuni moja. Kisanduku chekundu cha Omega kilikuwa kimeliwa na mchwa, na kadi ya dhamana iliyokuwa ndani yake imegeuka unga. Lakini katika kopo la Blue Band ambamo mkazamjomba huweka vifungo na sindano, tulikuta pingili mbili za cheni zilizotolewa dukani mwaka 1997 ili cheni imtoshe mjomba, aliyekuwa na mkono mwembamba. Mtu asiyejua angezitupa. Mnunuzi mwenye mkono mnene asipozipata itambidi azitafute nje, na pingili halisi za saa iliyokwisha kuacha kutengenezwa huuzwa kwa bei ya kukera.

Sasa soko. Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea siku mbili za mwanzo.

Nilifungua tovuti ya Chrono24, ya Wajerumani wa Karlsruhe, nikaandika namba ya aina yake, 2531.80, na mbele yangu zikajipanga saa kama ile kwa bei zinazotofautiana kuliko nilivyotarajia. Niliziandika zote daftarini, nikajumlisha, nikagawa, nikapata wastani. Kisha nikautazama ule wastani nikacheka mwenyewe. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo ningemkaripia karani kijana kwa kulifanya: bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni ombi. Saa inayoombewa dola 3,500 na ambayo imekaa hapo mwaka mzima haithibitishi kwamba saa ni dola 3,500. Inathibitisha kwamba si dola 3,500. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, uingie Mtwara mwaka 2007, nimeshuhudia minada mingi ambapo wanunuzi waliandika bei zao, wakazifunga bahasha, zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, na wakulima wakakubali au wakakataa. Bei ilikuwa ile iliyoandikwa na mtu mwenye fedha na kukubaliwa na mtu mwenye mzigo. Iliyotajwa kijiweni wiki moja kabla haikuwa bei.

Kwa hiyo niliacha matangazo, nikaenda kwenye mauzo yaliyokwisha kukamilika, ambayo eBay huyaonyesha kwa anayejua kuyachuja. Niliondoa saa za betri, nikaondoa ndogo, nikaondoa zilizobadilishwa uso au cheni, nikabakiza tisa ambazo wauzaji walieleza kuwa zimefanyiwa sevisi na zina kadi yake. Nilizipanga kutoka ya chini hadi ya juu. Ya chini ilikuwa dola 1,700, yenye mkwaruzo mbaya wa kioo; ya juu 2,900, iliyouzwa na duka lenye dhamana ya mwaka mmoja, na mwenye duka ana haki ya kulipwa dhamana hiyo pamoja na kodi ya pango. Sikuchukua wastani, kwa sababu saa moja ya ajabu huuvuta wastani wote kama mtumbwi uliokaliwa upande mmoja. Nilichukua ya tano, ya katikati kabisa: dola 2,150. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, hiyo ni shilingi 5,590,000.

Hiyo ilikuwa bei ya saa yenye afya na kadi. Yetu haikuwa na vyote viwili. Nilitoa 650,000 ya sevisi, ikabaki 4,940,000. Kwa kadi iliyoliwa na mchwa nilitoa sehemu ya kumi ya ile 5,590,000, yaani 559,000, ikabaki 4,381,000. Kiwango cha sehemu ya kumi ni hukumu yangu, niliyoifikia kwa kulinganisha saa zenye kadi na zisizo nayo katika mauzo yale yale. Mwingine angetoa kidogo zaidi au kidogo pungufu, na nisingegombana naye.

Kwa uso ambao haung'ai gizani sikutoa kitu, na hili nitalieleza nikifika kwa mnunuzi.

Mtu angeweza kudhani kazi imekwisha, kwamba saa ni 4,381,000, na atakayetaka kuinunua alipe. Mimi nilidhani hivyo kwa usiku mmoja. Asubuhi nikakumbuka kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mkulima akipeleka nyumbani bei iliyosomwa mnadani. Kuna makato. Kuna ushuru, kuna gharama za chama, za ghala, za usafiri, na kuna unyaufu, yaani uzito unaopungua mzigo ukikauka. Basi nikauliza: ikiwa mkazamjomba ataiuza saa hii huko inakouzwa, atabaki na nini mkononi? Tovuti itakata kamisheni yake, msafirishaji atataka ada na bima, benki itachukua chake katika kubadilisha fedha, na mnunuzi wa mbali akilalamika saa itarudi na gharama juu yetu. Nilikadiria makato yote kuwa asilimia 15, yaani 657,150. Angebaki na 3,723,850. Chini ya hapo anadhulumika, maana angepata zaidi kwingine.

Kisha nikageuza meza. Mtu wa Mtwara anayetaka saa kama hii, katika hali kama hii, akiagiza kutoka nje atalipa nini? Atalipa bei ile ile ya 4,381,000, na juu yake VAT peke yake ni asilimia 18, yaani 788,580, kabla hajagusa ushuru wa forodha na usafiri. Inafika 5,169,580 na kuendelea, tena kwa saa ambayo hajaishika. Juu ya hapo yeye ndiye anayedhulumika.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta hakikuwa nukta, kilikuwa uwanja. Kuanzia 3,723,850 hadi 5,169,580, bei yoyote inayokubaliwa na wawili walioonyeshwa hesabu nzima ni ya haki, na nje ya mipaka hiyo mmoja wao amefichwa jambo. Katikati ya uwanja ni 4,446,715.

Mnunuzi alipatikana kwa njia ya msikitini. Ni kijana injinia, mtu wa Lindi, anayefanya kazi katika mambo ya gesi na kukaa Shangani, na alikuwa ameitamani saa hii tangu akiwa chuo. Alikuja kwangu Jumamosi alasiri.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Karibu, keti. Saa hiyo mezani, ishike kwanza, bei tutaongea baadaye."

Alivyoishika nilijua anajua. Aliitazama masikio kabla ya uso, akaukunja mkono kuizuia nuru, akachungulia gizani. "Haiwaki," alisema. "Hii nayo ni gharama, mzee."

Nilimpa lenzi, nikamwonyesha chini kabisa ya uso, ambako pembeni mwa maneno "Swiss Made" kuna herufi mbili ndogo za T. Herufi hizo ni za tritiamu, kitu kilichopakwa katika alama za saa miaka ile ili ziwake bila kusubiri mwanga, na ambacho nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu. Baada ya miaka 28 imebaki kama moja ya tano, na dawa yenyewe iliyokuwa ikiwashwa nayo imechoka. Saa ya 1997 yenye T mbili ambayo inawaka sana gizani ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa ina maana mtu amepaka upya. Alisoma herufi zile kwa muda mrefu, akatabasamu. "Hilo umenishinda."

Ndipo nikaleta daftari, nikamsomea hesabu yote, mstari kwa mstari, pamoja na ile mipaka miwili. Mke wangu baadaye aliniambia kwamba ni ujinga kumwonyesha mnunuzi mahali muuzaji anapoweza kushukia. Huenda. Lakini mkazamjomba hakunituma nikashinde, na injinia nitaswali naye Ijumaa ijayo.

Alitoa hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba ana rafiki anayekuja kutoka Dubai, ambaye angeivaa saa mkononi bila kulipia chochote. Nilimjibu kwamba hesabu ya haki haiwezi kujengwa juu ya kumkwepa afisa forodha, na kwamba rafiki huyo angekuwa ananunua saa ambayo yeye injinia hajaifungua mfuniko. Hakuisisitiza.

Hoja ya pili ilinifedhehesha kidogo. Alikishika kile kifungo cha pembeni cha kurekebishia majira, ambacho kwa saa za wapiga mbizi hufungwa kwa kukazwa kama parafujo, akakifungua, akajaribu kukifunga. Kilizunguka mara moja, mara mbili, bila kushika. Mara ya tatu ndipo kikauma. Alirudia, nikasikiliza, nikajaribu mwenyewe. Hesi zilikuwa zimelika. Mimi niliyepima sekunde kwa siku tano na kunakili namba mara mbili sikuwa nimekizungusha kifungo hata mara moja, kwa hofu ya kukiharibu. Nilimpigia yule fundi wa Dar es Salaam pale pale nikiwa nimeweka spika, naye akasema kubadilisha kifungo na shingo yake itafika shilingi 150,000 juu ya sevisi.

Kasoro hiyo ingekuwapo popote saa inakouzwa, kwa hiyo nilihamisha mipaka yote miwili kwenda chini kwa kiasi hicho, na katikati ikawa 4,296,715. Injinia alisema milioni nne na laki tatu, asiandike tarakimu za kuchekesha kwenye hati. Nilimpigia mkazamjomba, nikamweleza habari ya kifungo. Alikaa kimya, kisha akasema mjomba ndiye alikuwa akikifungua kila siku kulinganisha saa na redio. "Alikuwa hatulii," alisema. "Wape hiyo laki na nusu yao."

Hati tuliiandika kwa mkono nakala mbili: aina ya saa, namba yake kamili, hali yake pamoja na sevisi inayodaiwa, kifungo kilicholika, kukosekana kwa kadi, jina la muuzaji na la mnunuzi, na saini ya mwenyekiti wa mtaa. Kwa kuwa kadi haipo, karatasi hiyo ndiyo itakayomlinda injinia siku yeye naye akitaka kuuza, na ninamshauri yeyote anayeuza kitu kama hiki asione aibu kuidai. Namba ya saa hutangulia kila kitu katika hati hiyo. Mtu makini atataka pia kuitafuta namba hiyo katika orodha ya saa zilizoibwa, kama ile inayotunzwa London na The Watch Register, kabla hajatoa fedha.

Fedha zilihesabiwa Mikindani, barazani, juu ya mkeka, mbele ya mkazamjomba na binti zake wawili. Injinia aliivaa saa ikambana, maana mkono wake ni mara moja na nusu ya ule wa mjomba. Mkazamjomba akaingia ndani akatoka na kopo la Blue Band, akalipekua kati ya vifungo, akamkabidhi zile pingili mbili. Kisha akakumbuka kuuliza kama alitakiwa kuzitoza, nami nikamwambia zimo katika hesabu.

Mafundi wa bati wamemaliza upande wa baharini wiki iliyopita. Upande wa barabarani wameukagua wakasema unaweza kusubiri mwaka mmoja.